Kifurushi cha Siku za Giza: tulicholipia shilingi 240,000 na nilichokikuta ndani

Mwezi Februari mwaka 2025 kikundi chetu cha vikoba cha hapa Rau, mjini Moshi, kilitoa shilingi 240,000 kutoka kwenye mfuko wa jamii na kununua vifurushi vinne vya kujikinga na mwisho wa dunia. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye daftari la mweka hazina, na sahihi ya katibu iliyo chini ya maneno hayo ni yangu. Fedha hizo ni zile tunazochanga kila wiki, shilingi elfu moja moja, kwa ajili ya msiba, uzazi na ugonjwa. Siku chache baada ya mzigo kufika, karibu nusu ya wanachama wetu 24 walitaka tuongeze vingine, na baadhi yao walitaka tuvunje kikoba kabla ya wakati na kugawana akiba, ili kila mmoja ajiandae na watu wake. Mwenyekiti akaniomba nikichunguze kifurushi kimoja, kitu kwa kitu, kisha nisome taarifa mbele ya kikao. Tathmini hii inatokana na taarifa ile.

Niseme pia kwa nini niliombwa mimi. Ninaendesha kiduka cha kuchapa na kutoa kopi karibu na mnara wa saa, na kwa miaka kumi na mmoja karatasi, wino na gundi ndivyo vimenilisha. Kuhusu nyota sikuwa najua zaidi ya yale tuliyofundishwa sekondari. Mengine nimejifunza kwa ajili ya kazi hii, nikiwa na hasira kiasi, na huzuni zaidi.

Bidhaa yenyewe haina duka. Muuzaji aliwafikia wanachama wetu kwa WhatsApp, akapokea fedha kwa simu, na maboksi yakapokelewa stendi kuu kutoka kwa kondakta wa basi. Ndani ya kila boksi mna kitabu cha kurasa 44, mishumaa minane, miwani miwili ya karatasi, kibandiko cha dhahabu cha kuweka nyuma ya simu, na nailoni nyeusi ya mita tatu. Nilipita madukani nikauliza bei ya vitu hivyo kimoja kimoja, na hata nilipokihesabia kitabu gharama kamili ya kukitoa kopi hapa kwangu, jumla haikufika shilingi 12,000.

Maelezo ya kitabu ni haya: sayari kubwa iitwayo Nibiru inakuja kutoka pembezoni mwa mfumo wa jua, itapita karibu na Dunia tarehe 29 Machi 2025, siku ambayo pia jua litapatwa, kutakuwa na siku tatu za giza, milima italipuka, na watakaosalia ni wale watakaokuwa wamefunga nyumba zao kwa nailoni na kuwasha mishumaa iliyomo kwenye kifurushi. Kwa mtu anayeishi chini ya Kilimanjaro, maneno ya mlima kulipuka hayapiti sikioni hivi hivi. Bibi mmoja, ambaye ndiye mwanachama wetu mkubwa kuliko wote, alikuja dukani nikiwa bado nasoma. Nilipomwamkia alipokea shikamoo yangu taratibu, akakaa, kisha akasema, "Katibu, mwanangu, mbegu zangu nimeshaziuza." Alikuwa ametunza debe moja na nusu la maharage ya mbegu kwa ajili ya masika. Aliyauza kwa bei ya kula, kwa kuwa kitabu kilimwambia kwamba mwaka huu hapatakuwa na masika. Ninaomba msomaji aishike habari hii anapopima thamani ya kifurushi, maana shilingi 60,000 ni sehemu ndogo tu ya gharama yake.

Nilianza na kitabu, na ndicho nilichokaa nacho muda mrefu kuliko vingine. Kimetolewa kopi kutoka kwenye kopi nyingine, jambo linalojulikana kwa madoa yaleyale yanayojirudia pembeni mwa kila ukurasa na kwa herufi zilizonenepa hadi "e" na "o" zinafanana. Lakini kwenye ukurasa wa 3, mahali ilipo tarehe ya maangamizi, herufi ni kali na safi, na karatasi hapo ni nene kidogo ukipitisha kidole. Nilikiinua kitabu kwenye mwanga wa dirisha nikaona kivuli cha mstatili: tarehe ilikuwa imebandikwa. Nikaweka kitambaa juu yake, nikapitisha pasi ya moto mdogo mpaka gundi ikalegea, nikainua ukingo kwa ncha ya wembe. Chini ya "29 Machi 2025" palikuwa na kibandiko cha pili kilichosomeka "23 Aprili 2018". Nikarudia. Chini ya hicho, kwenye karatasi yenyewe, palichapwa "23 Septemba 2017". Nilivifungua vifurushi vingine viwili mbele ya mweka hazina na tukakuta tabaka zilezile tatu.

Tarehe hizo mbili za chini hazikubuniwa Moshi. Mmarekani aitwaye David Meade alitangaza kwamba Nibiru ingetokea tarehe 23 Septemba 2017; siku ilipopita akausogeza unabii hadi Oktoba, na baadaye ikatajwa tarehe 23 Aprili 2018. Kabla yake walikuwapo wengine. Mwaka 1995 mwanamke wa jimbo la Wisconsin, Nancy Lieder, alianza kueneza kwenye intaneti kwamba viumbe kutoka mfumo wa nyota wa Zeta Reticuli walimpa habari za sayari itakayoipita Dunia mwezi Mei 2003. Mei ikaja, ikaisha. Sayari hiyo ikahamishiwa tarehe 21 Desemba 2012, siku ambayo mzunguko mmoja mrefu wa kalenda ya Wamaya (watu wa kale wa Amerika ya Kati) ulikuwa unafungwa ili mwingine ufuate, kama odometa ya gari inavyogeuka na kuanza kuhesabu upya. Mtafsiri wa kitabu chetu aliusahau mwaka huo: ukurasa wa 31 bado unawaonya wasomaji wajiandae "kabla mwaka 2012 haujaisha". Mimi ninayechapa barua za watu kila siku naifahamu ajali hiyo, pale mtu anapobadilisha tarehe juu ya barua ya zamani na kuisahau ile iliyo katikati.

Jina la Nibiru nalo lina safari yake. Lipo kweli katika vibao vya udongo vya Babeli, ambako lilihusishwa na nyota ya mungu wao Marduk, na mara nyingi nyota hiyo ilikuwa sayari Mshtarii. Mwaka 1976 mwandishi Zecharia Sitchin alidai kwamba Wasumeri walilitumia kwa sayari iliyofichika, yenye kulizunguka Jua mara moja kila miaka 3,600. Wataalamu wanaosoma maandishi hayo ya kale hawakukubaliana na usomaji wake, lakini hesabu ya miaka 3,600 ilibaki, na kitabu chetu kinaitaja kana kwamba imepimwa.

Tuichukue basi hesabu hiyo kama ilivyo. Kwa kanuni aliyoionyesha Johannes Kepler mwaka 1619, inayofunga muda wa mzunguko na umbali, sayari ya miaka 3,600 huwa mbali na Jua kwa wastani wa mara 235 ya umbali wetu sisi. Ikishuka kutoka huko kuja kwetu, huongeza kasi kadiri inavyolikaribia Jua, mpaka kufikia takriban kilomita 42 kwa sekunde inapofika ilipo Dunia. Ukirudi nyuma kutoka siku ya kufika, utaona kwamba mwaka mmoja kabla ingekuwa mbali na Jua karibu sawa na Mshtarii, na wiki tano kabla, yaani wakati ule tunanunua vifurushi, ingekuwa imeshafika maeneo ya njia ya sayari Mirihi. Mshtarii tunaiona kwa macho matupu, na Mirihi vilevile, ingawa kipenyo chake ni karibu nusu tu ya kile cha Dunia. Sayari kubwa iliyofika hapo ingekuwa inaulizwa na watoto kila jioni.

Sikutaka kikundi kiniamini kwa hesabu peke yake. Jumamosi tarehe 22 Februari, baada ya kikao, tulibaki kumi na watano kwenye uwanja wa kanisa, na kijana wa mmoja wetu, ambaye ni muongoza watalii mlimani, akaja na darubini yake ya mkono. Saa moja na nusu usiku mlima ulikuwa wazi. Magharibi sayari Zuhura iling'aa kiasi cha kuwafanya wawili watatu waamini kwamba ndiyo Nibiru, mpaka bibi alipowaambia kwamba hiyo ameijua tangu akiwa msichana wa kuchota maji. Mirihi ilikuwa upande wa mashariki, nyekundu na tulivu. Juu ya kilele cha Kibo, karibu kaskazini kabisa, palikuwa na Mshtarii, na kwa darubini tulihesabu vinukta vitatu vilivyojipanga kando yake, ambavyo ni miezi yake. Niliwaambia kwamba hiyo ndiyo nyota ambayo Wababeli waliiita Nibiru. Mwenyekiti alishika darubini muda mrefu bila kusema neno.

Chini kidogo ya Mshtarii, upande wa kushoto, palikuwa na Kilimia. Bibi alikionyesha kwa fimbo yake na kusema maneno ambayo wengi wetu tuliyasikia kwa wazee wetu: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mtu anayeweza kusoma msimu wa kulima kwenye kundi la nyota aliuza mbegu zake kwa sababu ya kijitabu cha kopi.

Ni lazima nieleze kwa nini watu wenye akili timamu walikishika kijitabu hicho mwezi ule na si mwingine. Mwishoni mwa Desemba 2024 darubini ya mradi wa ATLAS iliyoko Chile iligundua asteroidi, yaani jiwe la angani, iliyopewa jina 2024 YR4, na hesabu za mwanzo zilionyesha uwezekano mdogo wa kuigonga Dunia tarehe 22 Desemba 2032. Tarehe 18 Februari 2025 uwezekano huo ulifika asilimia 3.1, na ukanda wa mahali ambapo ingeweza kuangukia ulipita pia Afrika. Hizo zilikuwa habari za kweli, zilizosomwa redioni. Wiki hiyohiyo watu walikuwa wakitangaziwa sayari saba zinazoonekana kwa pamoja jioni. Muuzaji alizichukua habari mbili za kweli akazishona kwenye uongo wake. Lakini tazama tofauti: wataalamu wa anga walitangaza hesabu yao, wakaendelea kupima, na ilipofika tarehe 24 Februari uwezekano ulikuwa umeshuka hadi asilimia 0.004, nao wakatangaza hivyo hadharani. Hawakubandika karatasi juu ya namba ya zamani. Na Watanzania hatuhitaji kuambiwa kwamba mawe ya angani huanguka, tukiwa na kimondo cha Mbozi chenye urefu wa takriban mita 3 kimelala wazi kule Songwe.

Kuna mtu kwenye kikao aliyeuliza kama si kweli kwamba hata wanasayansi wanatafuta sayari isiyojulikana. Swali lake ni la haki. Mwaka 2016 Konstantin Batygin na Mike Brown wa Marekani walipendekeza kwamba huenda ipo sayari kubwa mbali sana kupita Neptuni, sayari ya mwisho tunayoijua, kutokana na jinsi miili midogo ya huko inavyojipanga. Wanachokisema ni sayari isiyokuja kwetu kamwe, yenye kuchukua maelfu ya miaka kuzunguka ikiwa huko huko mbali. Tena darubini ya angani WISE, iliyopiga picha anga lote kwa mwanga wa joto, haikukuta sayari yoyote ya ukubwa wa Zohali ndani ya umbali wa mara 10,000 ya umbali wetu kutoka kwenye Jua. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2014.

Picha mbili za kitabu zinastahili kusemwa. Ile ya ukurasa wa 9, yenye duara jekundu lililozungukwa na mawingu ya mwanga, ni picha ya nyota V838 Monocerotis iliyopigwa na darubini ya Hubble baada ya nyota hiyo kulipuka kwa mwanga mwaka 2002, na iko umbali wa takriban miaka 20,000 ya mwanga. Ile ya ukurasa wa 14 inaonyesha "jua la pili" kando ya jua la kawaida. Nilijaribu mwenyewe kwa simu yangu nje ya duka: nikalipata jua la pili mara moja, nikaizungusha simu nalo likahama, nikaliziba jua la kweli kwa kidole gumba mbele ya lenzi na lile la pili likatoweka. Ni mwanga unaoakisiwa ndani ya kioo cha kamera. Mtoto wa darasa la tano aliyekuwa amekuja kutoa kopi ya cheti alilijaribu baada yangu akapata vilevile.

Sasa nifike kwenye vitu viwili ambavyo kwangu vinakitoa kifurushi hiki kwenye utapeli wa fedha na kukiingiza kwenye hatari ya maisha.

Kwanza miwani. Miwani halali ya kutazamia kupatwa kwa jua ni nyeusi kiasi kwamba ukiivaa ndani ya nyumba huoni chochote, hata taa iliyowaka kwa kawaida, na huwa na alama ya kiwango cha ISO 12312-2. Niliivaa miwani ya kifurushi nikiwa nimesimama mlangoni na niliweza kuyaona majani ya mparachichi wa jirani, jani kwa jani. Plastiki yake ni kama ile ya kufungia keki, imetiwa rangi. Mtu akilitazama jua kwa miwani hii anaweza kuyaharibu macho yake huku akijiona salama, maana nyuma ya jicho hakuna neva za maumivu za kumwonya. Kitabu kinaagiza watoto wavae wao kwanza. Isitoshe, kupatwa kwa jua kwa tarehe 29 Machi 2025 kulikuwa kwa sehemu tu na kulihusu kaskazini-magharibi mwa Afrika, Ulaya na maeneo ya kaskazini. Hapa Moshi hakukuwa na cha kutazama. Waliokwenda Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 kuona jua likigeuka pete wanajua kwamba jambo hilo huja kwa saa iliyohesabiwa miaka mingi kabla, hupita, na watu hurudi nyumbani.

Pili nailoni. Ukurasa wa 22 unaagiza madirisha na tundu zote za hewa zizibwe, familia ikae chumba kimoja kwa siku tatu, na chakula kipikwe humo humo kwa jiko la mkaa. Hapa niliweka kitabu chini. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kisichopitisha hewa hutoa gesi ya karboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na mtu anayeivuta husinzia kabla hajajua kwamba yuko hatarini. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko ndani wasiamke. Kifurushi hiki kinamwelekeza mtu afanye jambo hilo kwa makusudi, pamoja na watoto wake, kwa siku tatu mfululizo.

Kibandiko cha simu hakina haja ya maneno mengi. Kinadai kuzuia mionzi ya angani, ambayo Victor Hess aliigundua mwaka 1912 akiwa kwenye puto, na ambayo hutufikia kila siku ikiwa imepunguzwa na hewa na usumaku wa Dunia. Ni karatasi ya kung'aa yenye gundi. Simu ililia kama kawaida. Ujumbe wa kuzima simu usiku kwa sababu ya mionzi kutoka Mirihi ni wa zamani, na mwezi Januari 2010 nchini Ghana ujumbe wa namna hiyo, uliochanganywa na habari za tetemeko, uliwafanya watu wengi wakeshe nje ya nyumba zao. Mishumaa ndiyo kitu pekee nilichokikuta kizima. Inawaka vizuri, na inauzwa duka lolote la Rau.

Mwanasayansi David Morrison wa NASA, shirika la anga la Marekani, aliyekuwa akijibu maswali ya watu kuhusu mwaka 2012, alieleza kwamba alipokea maelfu ya maswali, na kwamba miongoni mwa walioandika walikuwamo vijana waliofikiria kujiua. Nilisoma habari hiyo kwa sauti kwenye kikao, kwa kuwa wapo waliokuwa wakisema kwamba hata kama si kweli, hakuna aliyedhurika.

Kikao cha tarehe 1 Machi kiliamua hivi: kikoba hakivunjwi, nailoni zote ziondolewe madirishani siku hiyohiyo, miwani ikatwe kwa mkasi mbele ya wanachama, na shilingi 240,000 zirejeshwe kwenye mfuko wa jamii na sisi viongozi watatu tuliosaini, kwa marejesho ya miezi minne. Nimeshamaliza sehemu yangu. Muuzaji tulimpigia simu mara nyingi na namba haikupatikana tena. Bibi alikopeshwa debe la mbegu bila riba, akapanda mvua zilipoanza.

Kifurushi kimoja nimekibakiza dukani, bila miwani, kwa ajili ya yeyote anayetaka kuona kwa macho yake kabla ya kutuma fedha. Ambaye tayari anacho nyumbani akifungue kitabu ukurasa wa 3, akiinue mbele ya dirisha wakati wa mchana, na apitishe kidole juu ya tarehe.